Kitabu Kisicho na Mtihani

Aliyekimiliki kitabu hiki mwanzo alitumia biki ya bluu na rula. Mistari imenyooka chini ya sentensi kama reli, na pembeni, kwa mwandiko mdogo wa mtu anayebana nafasi, pameandikwa maneno ambayo kila aliyesoma Kiswahili kidato cha tano na sita nchini Tanzania anayajua: dhamira, migogoro, ujumbe, nafasi ya mwanamke, kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi. Kitabu chenyewe ni Vuta N'kuvute, riwaya ya Adam Shafi iliyochapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 1999. Mwandishi wa makala haya aliipata nakala hiyo kwa mmoja wa wauza vitabu wanaotandaza mali yao chini, kando ya njia, katikati ya jiji la Dar es Salaam. Jalada limechakaa, pembe zimejikunja kama sambusa, na ndani ya jalada la nyuma kuna hesabu ya siku zilizobaki kabla ya mtihani. Zilikuwa 41.

Ukiifuata biki hiyo ukurasa baada ya ukurasa, unaanza kumjua mwenyewe bila kutajiwa jina. Kila unapotajwa ukoloni, rula imepita. Kila polisi anapomshika mtu, pembeni pana neno "ukandamizaji". Pale Yasmin anapoozwa, "ndoa ya kulazimishwa" imeandikwa kwa herufi kubwa na kuzungushiwa duara mara mbili. Lakini hadithi ikiingia kwenye taarab, biki inanyamaza. Hakuna mstari, hakuna duara, hakuna hata nukta. Labda mwanafunzi aliziruka kurasa hizo akijua hazitoki kwenye mtihani. Labda ndizo alizozisoma kwa raha mpaka akasahau kwamba ana biki mkononi. Karatasi haisemi.

Hivyo ndivyo watu wengi wa Tanzania na Kenya walivyokutana na riwaya mara ya kwanza: wakiwa wamevaa sare, mwalimu amesimama mbele, chaki mkononi. Si jambo la kubezwa. Bila shule, wengi wasingewahi kuishika riwaya ya Kiswahili maishani, na wachapishaji wengi wa vitabu vya hadithi wangekuwa wamefunga milango. Shida ni kwamba mtu aliyejulishwa kwa sanaa kupitia mtihani huendelea kuitazama kwa jicho la mtihani hata baada ya cheti kuingia kabatini. Muulize aliyemaliza shule miaka 20 iliyopita Vuta N'kuvute inahusu nini, na mara nyingi atakujibu kwa orodha: ukoloni, unyonyaji, harakati za ukombozi. Atakuwa amepata maksi zote. Na hatakuwa amekwambia chochote ambacho hakukijua kabla ya kukifungua kitabu.

Hilo swali la kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi, hasa, linachekesha ukilitazama ukubwani. Kijana wa miaka 18, ambaye hajalipa kodi ya chumba wala hajaachwa na mtu, anaambiwa aeleze ni wapi Adam Shafi ameshindwa. Adam Shafi alizaliwa Zanzibar mwaka 1940. Aliandika Kasri ya Mwinyi Fuad, iliyotoka mwaka 1978, kisha Kuli mwaka uliofuata, riwaya inayowarudisha wasomaji kwenye bandari ya Zanzibar na mgomo wa wachukuzi wa mwaka 1948. Baada ya Rais Abeid Amani Karume kuuawa mwezi Aprili mwaka 1972, Shafi alikuwa miongoni mwa waliowekwa kizuizini, na yale aliyoyaona huko aliyatolea riwaya ya Haini, iliyochapishwa mwaka 2003. Mtihani ulitaka hoja tatu za kutofaulu kwake, zenye mifano.

Kenya nako mambo ni yaleyale, ila majina ndiyo hubadilika. Huko kuna vitabu teule, na kwa kila kitabu teule kuna mwongozo wake, kijitabu chembamba kinachosimulia hadithi kwa ufupi, kuwapanga wahusika kwa foleni na kuzihesabu tamathali za usemi. Mwanafunzi mjanja huanza na mwongozo. Mwanafunzi mjanja zaidi huishia hapo hapo. Siku Njema, riwaya ya Ken Walibora iliyotoka mwaka 1996, imepita mikononi mwa vizazi vya wanafunzi kwa njia hiyo, na wako watu wazima leo wanaoweza kumtaja Kongowea Mswahili na safari yake ya kumtafuta baba kutoka Tanga hadi Kitale, lakini hawakumbuki kama walipoisoma walihuzunika au la.

Kisa cha ajabu zaidi ni cha Rosa Mistika. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa kisiwa cha Ukerewe, aliitoa riwaya hiyo mwaka 1971 akiwa bado kijana sana. Ndani yake kuna baba mlevi, Zakaria, anayempiga bintiye kwa sababu ya barua ya mvulana. Kuna binti aliyefungiwa nyumbani mpaka akafika chuoni hajui kujilinda na mtu yeyote. Kuna mimba zinazotolewa, na kuna watu wazima wenye vyeo wasioona haya. Ikapigwa marufuku shuleni. Kitu kinachopigwa marufuku shuleni kwa kawaida hakikosi wasomaji, na hata hiki hakikukosa. Kilisomwa chini ya godoro, kwa tochi. Miaka ikapita, wakubwa wakabadili mawazo, riwaya ikaingizwa kwenye mtaala. Kitabu kilichosomwa kwa kujificha kikawa kitabu cha kusomwa kwa kulazimishwa. Mtu angeweza kudhani kwamba waliokipiga marufuku mara ya kwanza walishindwa, na sasa wamegundua njia ya uhakika zaidi.

Hata hivyo, si kweli kwamba watu wa huku hawajui kusoma bila msimamizi. Pwani kuna maandishi yanayosomwa, yanayofasiriwa, yanayobishaniwa na kujibiwa kila siku, na hakuna aliyewahi kuyafanyia mtihani. Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina, ule mstari mmoja wa maneno unaokaa chini ya mji. Mwanamke akipita mtaani na kanga mpya, jina lake limeshasomwa kabla hajafika kwenye kona. Kisha inaanza kazi ambayo maprofesa huiita uhakiki: amemkusudia nani? Mbona kaivaa leo, siku ya arusi ya yule? Ni fumbo au ni dua? Wako wanaonunua kanga kwa rangi tu na kumpa mtoto wa shule awasomee jina baadaye, lakini wako wasioigusa mpaka maneno yamekaa sawa na ugomvi walio nao. Duka la Kaderdina Hajee Essak mjini Mombasa, linalojulikana zaidi kwa jina la Mali ya Abdulla, limekuwa katika biashara hii tangu mwaka 1887. Kwa muda wote huo wasomaji wake hawajahitaji mwongozo.

Kwa nini, basi, riwaya isisomwe vivyo hivyo?

Swali hilo ndilo lililomfanya mwandishi wa makala haya akae na nakala ile ya biki ya bluu kwa wiki tatu mfululizo, akiisoma jioni taratibu, kurasa kumi kumi, bila kuandika kitu. Alikuwa ameisoma mara moja tu kabla ya hapo, shuleni, kwa kukimbizana na ratiba. Alichokikumbuka ni muhtasari: Yasmin, binti wa Kihindi, anaozwa angali mdogo kwa Bwana Raza, mtu mzima sana kuliko yeye, ndoa inamshinda, ndugu zake wanamfungia mlango, anakutana na Denge, kijana aliyesoma Urusi na kurudi Zanzibar na mawazo ya kuwaondoa Waingereza. Mapenzi na siasa vinaingiana. Polisi wako nyuma yao. Huo ndio mfupa, na mtihani ulikuwa wa mifupa.

Aliyekuwa amemsahau kabisa ni Mwajuma. Katika madaftari ya shule Mwajuma alikuwa "mhusika msaidizi", na sifa zake ziliandikwa kwa vistari: ana huruma, ni mcheshi, ni kielelezo cha umoja wa wanyonge. Ukimsoma ukubwani, unamwona mwanamke wa Ng'ambo, upande wa pili wa Mji Mkongwe wa Zanzibar, mwenye chumba kimoja na riziki ya kubahatisha, anayefungua mlango usiku kwa msichana wa kabila jingine na mtaa mwingine, na asiulize maswali mengi. Aliyewahi kuhangaikia pango mwisho wa mwezi anajua chumba kimoja kina ukubwa gani, na kumwingiza mtu wa pili ndani yake maana yake ni nini. Hilo halikuwa kwenye uzoefu wa mwanafunzi wa bweni anayelala kwenye kitanda cha juu na kula kengele ikilia. Kitabu hakikubadilika hata herufi. Ni msomaji aliyekwenda akaishi, kisha akarudi.

Na Mwajuma anakwenda na Yasmin taarab.

Hapo ndipo kurasa nyeupe zinapoanza. Anayeijua taarab anajua kwamba mwimbaji haimbi peke yake. Mtu aliyeguswa na ubeti huinuka kwenye kiti, akasogea mbele taratibu kwa kucheza, noti mkononi, akamtunza mwimbaji, na njiani akamtazama fulani aliyekaa mstari wa pili. Ukumbi mzima unaelewa. Maneno yaliyotungwa na mtu mwingine kwa kisa kingine yamekuwa yake kwa dakika mbili. Hakuna mfano mzuri zaidi wa uhusiano wa mtu na sanaa: umesikia, umejiona, umelipia, umelenga. Adam Shafi alilijua hilo, ndiyo maana hakuiweka taarab kwenye riwaya yake kama pambo. Binti aliyenyimwa sauti nyumbani kwao anaingia mahali ambapo wanawake wasio na cheo ndio wenye sauti. Mwenye biki hakuona haja ya kuandika chochote, au hakuweza.

Kusoma kwa namna hii kuna tabia ya kumtoa mtu kwenye kitabu na kumpeleka kwingine. Kutoka kwa Mwajuma, mwandishi wa makala haya alijikuta anamtafuta Siti binti Saad.

Siti alizaliwa Fumba, kusini mwa mji wa Zanzibar, karibu mwaka 1880, katika familia ya watu waliotoka utumwani, na jina alilopewa utotoni lilikuwa Mtumwa. Alifinyanga na kuuza vyungu, akivinadi mjini kwa sauti iliyowafanya watu watoke milangoni. Mwaka 1911 alihamia mjini, akajifunza kuimba kwa mafundi, na kwa muda mfupi akawa kipenzi cha kumbi za mabwana na mitaa ya Ng'ambo kwa pamoja. Kabla yake taarab ya Zanzibar ilikuwa ya Kiarabu, muziki wa jumba la Sultani uliopata nguvu zama za Seyyid Barghash, aliyempeleka mtu Misri akajifunze ala. Siti aliimba kwa Kiswahili. Aliimba habari za mjini: kesi, dhuluma, mapenzi, hukumu zilizokwenda kombo. Mwaka 1928 alisafiri na wenzake kwenda Bombay kurekodi santuri, na santuri hizo zikauzwa pwani yote ya Afrika Mashariki.

Ukizisikiliza leo, kinachotangulia ni mkwaruzo. Upande mmoja wa santuri ya zama hizo ulichukua dakika tatu hivi, ilhali wimbo wa taarab ukumbini unaweza kukaa nusu saa ukipata watunzaji, kwa hiyo kila wimbo ulilazimika kukatwa ili uenee. Sauti yake inaingia ghafla, nyembamba na kali, kama mtu anayeita kutoka upande wa pili wa maji. Mara ya kwanza haipendezi. Si busara kudanganya katika mambo haya: mwandishi wa makala haya aliizima baada ya dakika moja. Alirudi kwake kwa mzunguko, kupitia kwa Bi Kidude, aliyefariki mwezi Aprili mwaka 2013 baada ya kuzibeba nyimbo za Siti kooni kwa miongo mingi, na ambaye rekodi zake ni safi kiasi cha kumsikia akivuta pumzi. Sikio likishazoea njia ya Kidude, linaweza kurudi nyuma hadi Bombay na kuuvuka mkwaruzo.

Kisha kuna kitabu. Shaaban Robert, karani wa serikali aliyezaliwa Vibambani, Tanga, tarehe 1 Januari 1909, alikutana na Siti katika miezi ya mwisho ya maisha ya mwimbaji huyo, aliyefariki mwaka 1950, na akaandika Wasifu wa Siti Binti Saad. Ni kitabu kidogo. Watu husema juu yake, kwa haki, kwamba ni miongoni mwa wasifu za mwanzo kuandikwa kwa Kiswahili. Husemwa mara chache zaidi kwamba ni kitabu cha mpenzi wa muziki. Shaaban hakujifanya hakimu. Alijifunga kibwebwe. Walikuwako waliomcheka Siti kwa asili yake na kwa sura yake, wakamtungia na wimbo, naye akawajibu kwa wimbo. Mwandishi anasimama upande wake wazi wazi, anamsifu na kumtetea mbele ya jamii iliyokuwa radhi kumsikiliza usiku na kumdharau asubuhi. Kijana mwenye biki ya bluu angeandika pembeni: "mwandishi ana upendeleo". Na angepata maksi.

Upendeleo huo ndio unaokipa kitabu uhai. Shaaban Robert alikuwa mshairi mwenye sifa zake tayari, mtu wa bara na Tanga, mwanamume, karani anayevaa suruali na viatu vya kazini. Hakuwa na deni lolote kwa mwanamke mfinyanzi wa Unguja. Alimsikiliza, akaguswa, akaona kwamba kuguswa kwake kunamdai kitu. Mtunzaji wa ukumbini anatoa noti. Yeye alitoa kitabu. Chama cha wanahabari wanawake Tanzania, TAMWA, nacho kilipoanzisha jarida lake miaka ya 1980 kililiita Sauti ya Siti.

Kuna jambo jingine ambalo huonekana tu mtu akisoma vitabu viwili au vitatu kwa kufuatana, na ambalo ratiba ya shule, yenye kitabu kimoja kwa muhula, haimpi nafasi ya kuliona. Taarab haiko kwenye Vuta N'kuvute peke yake. Mama yake Kongowea katika Siku Njema, Zainabu Makame, ni mwimbaji wa taarab wa Tanga. Walibora alikuwa mwana wa bara ya Kenya, aliyekulia mbali na bahari, na bado alipotaka kumpa kijana wake mama wa kumlilia alimchagua mwimbaji. Watunzi hawa wawili, mmoja wa Unguja na mmoja wa upande wa Kitale, hawakukubaliana popote. Wameenda kisima kimoja kwa njia tofauti.

Mwaka 2021 Vuta N'kuvute ilipata msomaji wa aina nyingine. Mwongozaji Amil Shivji aliigeuza kuwa filamu, iliyopigwa Zanzibar na kuoneshwa mara ya kwanza kwenye tamasha la Toronto mwezi Septemba mwaka huo. Baadaye Tanzania ikaituma kuwania nafasi kwenye tuzo za Oscar. Walioisoma riwaya shuleni walitoka ukumbini na lawama ya kawaida, kwamba kitabu ni kirefu zaidi na mengi yameachwa. Ni kweli yameachwa. Shivji amepunguza siasa za mikutano na kuongeza ukimya, vichochoro, mwanga wa jioni, nyuso zinazotazamana bila kusema. Kwa maneno mengine amepiga mistari yake mwenyewe, mahali ambapo mwenye biki hakupiga. Filamu iliyotokana na kitabu ni nakala yenye alama za mtu mwingine pembeni. Unaweza kubishana nazo, lakini ni vigumu baada ya hapo kuusoma ukurasa ule kama vile hujaziona.

Alama za namna hiyo huachwa pia na wafasiri, na pengine wao ndio wasomaji wakali kuliko wote, kwa kuwa hawawezi kuruka sentensi. Mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Julius Nyerere alitoa tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare inayomhusu mfanyabiashara wa Venice. Mfanyabiashara wa Shakespeare ni mmoja. Wa Nyerere ni wengi, na si wafanyabiashara: Mabepari wa Venisi. Rais wa nchi, katika nyakati alizozipata kando ya shughuli za serikali, amesoma mchezo wa zaidi ya miaka 350 kabla yake, na alichokiona ndani yake amekiweka juu ya jalada, mahali pa kuonekana na kila mtu. Anayetaka kujua Nyerere alikuwa anawaza nini miaka ile anaweza kusoma hotuba zake. Au anaweza kusoma neno moja tu hilo.

Tukio kubwa zaidi la usomaji katika miaka ya karibuni upande huu wa dunia lilitokana na mtu ambaye wengi hawakuwa wamemsoma. Tarehe 7 Oktoba 2021 Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar wa mwaka 1948 aliyekwenda Uingereza akiwa kijana, alitangazwa mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Siku hiyo kulikuwa na pongezi nyingi na nakala chache; vitabu vyake vyote vilikuwa kwa Kiingereza, na madukani vilikuwa adimu. Mwaka uliofuata Mkuki na Nyota wakatoa Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya aliyoiandika Gurnah mwaka 1994, hadithi ya Yusuf, mtoto wa miaka 12 anayechukuliwa na mfanyabiashara Aziz kufidia madeni ya baba yake.

Mwandishi wa makala haya alikuwa ameisoma kwa Kiingereza kwanza, kisha akaisoma kwa Kiswahili mara tu baada ya Vuta N'kuvute. Mapema katika hadithi, mtoto anamtaja Aziz kwa jina la undugu alilofundishwa kwao, na Khalil, kijana mwenziwe dukani, anamkatiza: huyo si ndugu yako, mwite seyyid. Kiingereza kina neno moja tu pale, neno linalomtosha ndugu wa baba, ndugu wa mama na hata rafiki wa familia anayekuja na zawadi. Kwa hiyo msomaji wa Kiingereza anamwona mtoto akikosolewa adabu. Kwa Kiswahili neno hilo halipo. Kuna ami na kuna mjomba, na kila mmoja ana haki zake na wajibu wake, kuanzia mahari hadi mazishi. Msomaji aliyekulia katika lugha hii anapofika kwenye sentensi ile ya Khalil anasikia mlango ukifungwa. Mtoto hajaambiwa abadilishe namna ya kuita; ameambiwa hana mtu. Gurnah, aliyelelewa kwa Kiswahili, bila shaka aliusikia mlango huo alipoandika. Ilichukua miaka 28 mpaka usikike kwenye karatasi.

Ukisoma Peponi baada ya kumsoma Mwajuma, unaziona nyumba mbili: moja kubwa, yenye bustani iliyozungushiwa ukuta, inayomkaribisha mtoto ili imtumie, na nyingine ya chumba kimoja, Ng'ambo, isiyo na bustani. Hakuna mtaala uliowahi kuziweka karibu karibu.

Ng'ambo yenyewe si ile tena. Hori lililoitenga na Mji Mkongwe lilifukiwa zamani, na mwishoni mwa miaka ya 1960 na katika miaka ya 1970 nyumba nyingi za udongo na makuti zikaondolewa kupisha majengo marefu ya Michenzani, yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, yale ambayo wenyeji wanayaita treni kwa jinsi yalivyofuatana. Mtu akishuka bandarini na riwaya mkononi, akitafuta chumba cha Mwajuma, atakuta maduka ya simu, bodaboda na kamba za nguo kwenye baraza za ghorofa ya tano. Siku ambayo mwandishi wa makala haya alipita huko, kanga moja ilikuwa imeanikwa upande wa jina kwa nje. Alisimama akaisoma. Mwenyewe akatokea barazani, akamtazama, akaigeuza.

Nakala ya biki ya bluu haiko tena kwa mwandishi. Mpwa wake yuko kidato cha sita, na nakala mpya ya shule imepotea bwenini, kwa hiyo kitabu kimerudi kwenye kazi yake ya zamani. Kabla ya kukitoa, mjomba alifanya jambo moja ambalo hakuwa amelifanya wiki zote tatu: alichukua penseli na kuweka alama ndogo kwenye kona ya zile kurasa nyeupe, za taarab. Hakuandika neno. Wiki moja baadaye ujumbe ukaingia kwenye simu.

"Shikamoo mjomba. Kurasa ulizoweka penseli nimezisoma mara mbili. Zinatoka?"